Somo la Lugha: Chungu na Tamu Katika Neno Moja

Safari hii tuangalie neno la Kiingereza linalowasumbua sana wafasiri, nalo ni bittersweet. Neno hili limeunganisha maneno mawili, yaani chungu na tamu, nalo hutumika kwa maana tatu.

Kwanza, ni jina la mmea utambaao wa Ulaya, ulio wa jamii moja na mnavu wetu. Wataalamu huuita Solanum dulcamara, na neno hilo la pili kwa Kilatini ni tamu na chungu pamoja. Jina ni zuri, lakini mmea wenyewe una sumu.

Pili, hutumika kwa ladha, kama ya chokoleti iliyotiwa sukari kidogo. Hapa mfasiri hana taabu. Ataandika "tamu yenye uchungu kidogo".

Tatu, na ndiyo maana itumikayo zaidi, ni hali ya moyo, furaha na huzuni zikikaa pamoja. Mama anamwoza binti yake. Anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Akiambiwa, "Nyamaza, leo ni siku ya furaha," ameambiwa nusu tu ya kweli.

Je, Kiswahili kimepungukiwa hapa? Hasha. Neno letu uchungu limebeba mengi. Dawa ina uchungu mdomoni. Mama mjamzito, siku zake zikitimia, hushikwa na uchungu. Tena mtu anayeitunza mali ya kijiji kwa moyo wake wote, twasema ana uchungu nayo, yaani anaipenda. Ndiyo sababu wazee wakanena: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtu haoni uchungu kwa kitu asichokipenda.

Kwa hiyo, habari ikiwa ni ya moyo, mfasiri asiandike "tamu-chungu", msomaji akadhani anasoma mambo ya mapishi. Aandike "furaha yenye uchungu", naye ataeleweka. Nasi tunapomwendea mwenzetu aliye katika hali hiyo, awe mama huyo au mzee anayestaafu kazi aliyoipenda, tusimchagulie upande mmoja. Tumpe hongera, kisha tumwache alie.

Zoezi: Tunga sentensi tatu kwa neno uchungu: ya kwanza kwa maana ya ladha, ya pili maumivu, ya tatu upendo.