Bei ya Kibao: Fundi Kijana na Amri ya Saba



Somo la leo ni la mafundi wa mbao, hasa ninyi mnaochonga vibao: kibao cha jina la nyumba kule Raskazone, cha saluni pale Ngamiani, cha hoteli ya ufukweni Pangani, cha ofisi ya parokia, cha msalaba wa kaburini. Kama wewe si fundi usiondoke, maana kila kibao kina mnunuzi, na mnunuzi naye anahusika na amri ya saba.

Swali lenyewe ni fupi. Mteja anauliza, "Fundi, kibao kama hiki shilingi ngapi?" Jibu lako linatoka wapi? Wengi tunajibu kwa kumwangalia mteja. Amekuja na gari? Ni mgeni? Bei inapanda. Ni jirani, au mwanakwaya mwenzako? Bei inashuka mpaka unaona haya hata kuitaja. Na mbao ni ile ile, patasi ile ile, jasho lile lile.

Kanisa limelifikiria jambo hili muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga swali zima la *Summa* yake (Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 77) kwa ajili ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Na Biblia ilimtangulia: Yoshua bin Sira 27:2 inasema dhambi hujibana katikati ya kuuza na kununua kama kigingi kilichopigiliwa kati ya mawe mawili. Anayejua kazi ya mbao anaielewa picha hiyo haraka. Kigingi kikishabana, kukitoa ni shughuli.

Tuanze na hesabu, maana uadilifu usio na hesabu ni maneno matupu. Namba hizi ni za kufundishia tu, weka za kwako. Tuseme unachonga kibao cha mninga chenye jina la nyumba, urefu wa sentimita 60. Mbao Sh. 9,000. Kupiga randa kwenye mashine ya mtu 2,000. Msasa, gundi na skrubu 3,000. Vanishi na rangi ya herufi 4,000. Bodaboda mpaka kwa mteja 2,000. Jumla 20,000. Umefanya kazi siku nzima. Mteja anakupa 25,000 na unashukuru, "leo nimepata faida ya elfu tano."

Hapana, hukupata faida. Hiyo elfu tano ndiyo ujira wako wa kutwa. Kama ungeenda kuwa kibarua kwenye karakana ya mwenzako ukalipwa, tuseme, 15,000 kwa siku, basi kibao hiki kimekula elfu kumi yako. Bado hatujagusa patasi inayoisha kwa kunolewa, wala ile mbao iliyopasuka juzi ukaitupa. Ongeza ujira 15,000 na uchakavu wa vifaa 3,000: kibao kimekugharimu 38,000 kabla ya faida yoyote. Faida inaanzia hapo. Na faida ya kiasi si dhambi. Tomaso, katika kipengele cha nne cha swali hilo hilo, anakubali mtu kutafuta faida ya wastani ili kutunza nyumba yake au kusaidia wahitaji, akiichukua kama malipo ya kazi yake. Papa Leo XIII katika *Rerum Novarum* ya 1891 alidai ujira unaomwezesha mfanyakazi kuishi. Sasa fundi uliyejiajiri, mwajiri wako ni nani? Ni wewe. Usijidhulumu halafu ukaita unyenyekevu.

Najua utasema, "Frateri, Tanga hii nikitaja 43,000 mteja anaondoka." Pengine kweli. Basi mpe kibao cha 25,000 kilicho cha kweli. Badala ya mninga tumia paini, ile inayopandwa kwenye shamba la miti la Shume kule Lushoto. Badala ya kuchonga herufi, zipake rangi. Punguza urefu. Mteja wa kipato kidogo apate kitu chake kizuri, na wewe upate kula. Usichoruhusiwa ni kuchukua paini ile, ukaipaka rangi nyeusi-nyekundu, ukamwambia ni mninga, au ukamwambia ni msaji wa Longuza. Tomaso anaita hilo kosa katika aina yenyewe ya kitu kinachouzwa, na anasema muuzaji aliyefanya hivyo kwa kujua ametenda udanganyifu na anapaswa kurudisha. Kuungama peke yake hakutoshi, fedha ya watu irudi.

Kasoro zilizofichika nazo ni hivyo hivyo. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi na unyevu vinavyofanya kazi. Mbao mbichi uliyoiwahi kabla haijakauka itajikunja. Msumari wa kawaida utashika kutu na kulia machozi ya kahawia juu ya jina la mteja. Kama unajua, sema: "Mama, hii ukiiweka nje inayopigwa na upepo wa bahari itabidi kuipaka vanishi upya mara kwa mara." Sentensi moja tu. Katekisimu namba 2409 inataja kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa ya amri ya saba, jambo ambalo vijana wengi huwa hawajawahi kulisikia kwenye kitubio.

Namba hiyo hiyo inataja kosa jingine: kupandisha bei kwa kutumia kutokujua kwa mwenzako au shida yake. Kutokujua, na shida. Tukae hapa kidogo.

Shida kwanza. Kibao kigumu kuliko vyote ni kile cha msalaba wa kaburini. Mtu anakuja saa kumi jioni, mazishi ni kesho saa nane. Anataka msalaba wenye jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Hana muda wa kuzunguka kwa mafundi watatu, hana moyo wa kubishana, na unajua kabisa ukitaja elfu tisini atatoa, kwa sababu ni baba yake. Wapo watakaokwambia ndiyo biashara, mahitaji yakipanda bei inapanda.

Tomaso anatenganisha mambo mawili hapa, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya swali la 77. Kama mnunuzi atafaidika sana na kitu, lakini muuzaji hapati hasara ya ziada kwa kukitoa, muuzaji haruhusiwi kupandisha bei, kwa kuwa ile faida ya ziada imetoka katika hali ya mnunuzi. Si mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake. Lakini kama muuzaji mwenyewe anaumia kwa kukitoa, maumivu hayo ni yake, anaweza kuyatoza.

Irudishe kwenye karakana. Kukesha ni kwako. Kuahirisha kazi ya mteja mwingine ni kwako. Umeme ukikatika ukalazimika kuchonga kwa mkono mpaka alfajiri, hilo nalo ni lako. Toza, na useme wazi: "Pole sana na msiba, kaka. Msalaba ni arobaini. Kwa kuwa nitakesha, naongeza kumi." Lakini huzuni ya yule mtu si yako. Mapenzi yake kwa baba yake hukuyachonga wewe. Ile elfu arobaini iliyobaki kufika tisini umeiuza huzuni yake, ukamuuzia mwenyewe.

Sasa kutokujua. Mgeni wa hoteli, au ndugu aliyerudi likizo kutoka nje, hajui bei ya mbao Tanga. Hapa huwa kuna ubishi mkubwa, kwa sababu pwani tunapatana bei, ni desturi, na bei ya kuanzia kila mtu anajua si bei ya mwisho. Je, kutaja hamsini ukitegemea arobaini ni uongo? Sidhani. Wawili wanaojua mchezo hawadanganyani, na Tomaso mwenyewe anakiri kwamba bei ya haki haiko kwenye nukta moja, ni makadirio, kupanda au kushuka kidogo hakuivunji. Uongo unaanza unapoapa kwamba mbao peke yake umenunua elfu thelathini. Na dhuluma inaanza pale mwenzako hajui kama kuna mchezo: umetaja laki mbili, yeye akafungua pochi kwa uaminifu. Anayeweza kulipa zaidi muuzie kitu kilicho bora zaidi, kikubwa, kilichonakshiwa pembeni kwa maua kama milango ya zamani ya Pangani na Unguja. Hapo laki mbili ina kazi ndani yake.

Wanunuzi, zamu yenu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake kuhusu Utatu Mtakatifu, anasimulia juu ya mchekeshaji aliyewaahidi watu kuwaambia kilichomo mioyoni mwao wote, kisha akasema: mnataka kununua rahisi na kuuza ghali. Watu walimshangilia. Lakini Augustino anaongeza kwamba alimfahamu mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake, akitaja bei ndogo mno. Mtu yule akalipa bei ya haki, kubwa kuliko aliyoombwa. Wewe unayejua kabisa kwamba fundi kataja 25,000 kwa sababu kodi ya chumba inadaiwa leo, unamkandamiza mpaka 18,000 halafu unasimulia nyumbani umepata bei ya kutupa. Shida yake nayo haikuwa yako kuinunua.

Na parokia, jumuiya, vyama vya kitume? Nasema haya nikijua Mungu akipenda siku moja nitakuwa paroko ninayeagiza vibao. Fundi kijana anaambiwa, "Tutengenezee vibao 14 vya Njia ya Msalaba, ni kazi ya Bwana, Mungu atakulipa." Mungu hulipa, ndiyo. Lakini dukani mbao hazilipiwi na Mungu. Sadaka ni sadaka pale ambapo mtoaji angeweza kusema hapana bila kununiwa. Vinginevyo soma Yakobo 5:4, ujira uliozuiliwa unalia. Kama fundi anataka kutoa, na atoe kwa hesabu: aandike ankara kamili, 38,000 kwa kila kibao, halafu yeye mwenyewe akate ujira wake kama sadaka. Kamati ione alichotoa. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na sidhani kama Nazareti Yosefu alikuwa akilipwa kwa ahadi.

Kwa kikao cha VIWAWA wiki hii: kila fundi aje na kitu kimoja alichokiuza karibuni na karatasi yenye safu tatu, yaani vitu, saa alizofanya kazi, na bei aliyopewa. Wasio mafundi waje na bei ya mwisho waliyopatana na mtu. Someni pamoja Yoshua bin Sira 38:24–34, mahali panapowataja mafundi na wachongaji, halafu jadilini swali hili: mfiwa amekuja saa kumi jioni na ana elfu ishirini tu mfukoni. Fundi naye nyumbani hakuna unga. Bei ni ngapi, na nani mwingine kwenye jumuiya anapaswa kuchangia?