Somo la Afya: Tufahamu Kifua Kikuu Sugu

Robo hii tunajifunza juu ya kifua kikuu sugu, yaani kile ambacho vijidudu vyake haviuawi tena na rifampisini na isoniazidi, dawa mbili zinazotegemewa zaidi.

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, na mwaka 2009 ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Miaka hiyo ya mwanzo mgonjwa alilazwa huko kwa miezi mingi akichomwa sindano, na wengine sindano hizo ziliwaharibu masikio. Fikirini mkulima wa viazi kutoka Kilolo: nani angepalilia shamba, nani angelipa ada za watoto? Haishangazi mtu kuogopa safari kuliko ugonjwa.

Sasa huduma hiyo imesogezwa hadi hospitali nyingine nchini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge peke yake, bila sindano, kwa miezi 6. Mashine ya GeneXpert hupima makohozi kwa saa 2 hivi na kuonyesha kama rifampisini bado inafaa.

Usugu mara nyingi huanzia kwenye dozi iliyokatishwa. Mtu anameza dawa miezi 2, kikohozi kinakoma, anarudi kupasua mbao, vidonge vinabaki nyumbani. Vijidudu vinavyosalia ni vile vigumu. Akimwambukiza mtoto wake, mtoto anaugua ugonjwa sugu tangu siku ya kwanza, naye hajaruka hata kidonge kimoja.

Vijijini bado tunasikia kuwa kifua kikuu huletwa na kikombe cha ulanzi kinachozungushwa. Kikombe hakina hatia. Vijidudu husafiri kwa hewa mgonjwa anapokohoa, na kilabu kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi huvihifadhi vizuri. (Tuseme kweli, mwezi Julai hata makanisa yetu tunayafunga hivyo hivyo.)

Wazee wa kanisa na wainjilisti, mkimwona mtu anakohoa wiki 2 au zaidi, anakonda, au anatokwa jasho usiku, mpelekeni zahanati. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Aliyekwisha kuanza dawa mtembeleeni, mwulizeni amebakiza vidonge vingapi, na kama ana chakula cha kumezea.