Kwa Nini Mahindi Huungua kwa Mbolea?

Mzee mmoja aliuza mbuzi wawili apate mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Siku chache baada ya kuitia shambani, mahindi yake yalikauka. Akaniambia, "Bwana Shamba, mbolea hii ni mbovu." Haikuwa mbovu. Tukijua mmea ulivyojengwa, tutaona kosa lilipo.

Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Sehemu zake kubwa ni hizi:

1. Ukuta. Ni gamba la nje. Huipa seli umbo.

2. Utando. Ni ngozi nyembamba iliyo ndani ya ukuta. Hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi huzichagua.

3. Ute. Humo kazi nyingi za uhai hufanyika.

4. Kiini. Huongoza seli, na hutunza sifa za mbegu.

5. Chembe za kijani. Zimo majanini, hutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Seli za mizizi hazina chembe hizi.

6. Kiriba cha maji. Kikijaa, jani husimama imara. Kikipungua, jani hulegea.

Sasa tazama mzizi. Vinywele vyake ndivyo vinyonyavyo maji, na kila kinywele ni seli moja. Maji hupita katika utando kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Kwa kawaida chumvi ni nyingi zaidi ndani ya seli kuliko udongoni, basi maji huingia. Lakini ukirundika mbolea shinani, chumvi ya udongo huzidi ile ya seli. Maji hutoka badala ya kuingia. Mmea hufa kwa kiu ingawa udongo una maji. Ndivyo kitunguu cha kachumbari kinavyotoa maji kikitiwa chumvi.

Basi, mkulima, shika haya:

(a) Unapopanda, tia mbolea shimoni, ifunike kwa udongo, ndipo uweke mbegu. Visigusane.

(b) Mbolea ya kukuzia iweke mbali na shina kwa upana wa kiganja, kisha ifukie. Ardhi iwe na unyevu.

(c) Tumia kipimo ulichoshauriwa, kama kizibo cha soda. Usitie kwa ukufi.

(d) Ukiona umezidisha, mwagilia maji mengi mapema ili chumvi izame chini.

Mbolea ni chakula cha mmea, lakini bila maji mmea hauwezi kukila.