Siku saba za juma: namna ya kujenga msamiati pamoja na maarifa ya jumla

Wanafunzi wa kitivo chetu huniuliza mara nyingi: tufanye nini ili tuongeze msamiati? Jibu lililozoeleka ni kusoma sana, kisha kuandika maneno mapya katika daftari, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kifaransa. Silikatai jibu hilo, lakini linatufikisha nusu ya njia tu. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba Jumamosi ni samedi, akapata alama zote katika jaribio, kisha akakwama anapokutana na neno lilelile ndani ya hadithi, barua au habari ya gazeti. Anajua neno, lakini hajui hesabu, dini, kazi wala historia inayolibeba.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba msamiati na maarifa ya jumla hukua pamoja, na kwamba njia rahisi ya kuvikuza ni kujifunza maneno kwa ukoo wake, si moja moja. Nimechagua ukoo mdogo ambao kila mmoja wetu anadhani ameumaliza tangu darasa la kwanza: majina ya siku saba za juma.

1. Hesabu mbili katika lugha moja

Katika Kiswahili sanifu juma linaanza siku ya Jumamosi. Jina lenyewe linasema hivyo: mosi ni moja. Inafuata Jumapili, ya pili. Jumatatu, ya tatu. Jumanne, ya nne. Jumatano, ya tano. Baada ya hapo hesabu inakatika, zinakuja Alhamisi na Ijumaa.

Katika Kiswahili cha Katanga, na katika vitabu vingi vya dini vilivyochapishwa kwa Kiswahili cha Kongo, hesabu inaanzia mahali pengine. Lundi ni siku ya kwanza, mardi ni siku ya pili, mercredi ni siku ya tatu, jeudi ni siku ya nne, vendredi ni siku ya tano. Kisha inakuja siku ya posho, na mwisho siku ya yenga.

Tuseme mfanyabiashara wa Lubumbashi anamwandikia wakala wake wa bandari ya Dar es Salaam: "Mzigo utolewe siku ya tatu." Yeye anawaza mercredi. Wakala anayesoma "ya tatu" anaweza kuwaza Jumatatu, yaani lundi, au siku ya tatu kuanzia leo. Kila neno katika sentensi hiyo liko katika kamusi, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo gari linaweza kuondoka kuelekea Tunduma na Kasumbalesa likiwa tupu. Ujuzi unaokosekana hapa ni ule wa kujua kwamba wasemaji wa lugha moja wanaweza kuhesabu siku kuanzia milango miwili tofauti.

2. Kwa nini hesabu ya pwani inakatika

Msomaji makini atauliza: baada ya Jumatano, mbona hakuna "Jumasita"? Jibu liko nje ya sarufi. Ijumaa ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Ni siku ambayo Waislamu hukusanyika msikitini kwa sala ya adhuhuri. Juma la pwani limefungwa na siku hiyo, kwa hiyo siku inayofuata sala ndiyo ya kwanza. Neno "juma" lenyewe limetoka katika mzizi huohuo.

Alhamisi pia ni ya Kiarabu, na maana yake ni ya tano. Waarabu wanaanza kuhesabu siku ya Jumapili: al-ahad ni ya kwanza, al-khamis ni ya tano. Ndiyo maana Kiswahili sanifu kina "siku za tano" mbili zinazofuatana: Jumatano, ya tano kwa hesabu ya Kibantu inayoanza Jumamosi, na Alhamisi, ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili. Jambo hili linaonekana kama fumbo kwa anayejifunza orodha kwa kichwa. Kwa anayejua kwamba Waswahili wa pwani waliishi karne nyingi kati ya lugha za Kibantu na biashara ya Bahari ya Hindi, ni kumbukumbu ya historia hiyo.

Kuna jambo jingine la kukumbuka unaposoma matini za pwani. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" katika matini za zamani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule tunaouita sisi jeudi soir. Magazeti ya Tanzania hukwepa utata huo kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mfasiri asiyejua hayo atapeleka harusi au kifo kwenye tarehe isiyo yake.

3. Siku ya posho

Sasa turudi nyumbani. Nimesikia wanafunzi wakicheka "siku ya posho" na kusema kwamba si Kiswahili. Ningependa tulichunguze neno hilo kabla ya kulifukuza darasani.

Posho ni neno la Kiswahili cha zamani. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa alichopewa ili ajinunulie chakula njiani. Neno lilisafiri pamoja na mizigo. Kisha yakaja makampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Na mwaka 1911 tanuri la shaba likaanza kazi. Wafanyakazi waliotoka mbali walikaa kambini na kulishwa na kampuni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao, mgao wa chakula ukawa sehemu ya maisha ya familia nzima: unga wa mahindi, maharagwe, chumvi, mafuta. Siku ya kugawa chakula iliipa samedi jina lake.

Angalia basi majina ya Katanga yanavyopangana. Siku tano zina namba tu: ni siku za kazi. Ya sita ni ya chakula. Ya saba ni ya mapumziko na sala. Pwani ilipanga juma lake kufuatana na msikiti. Katanga ililipanga kufuatana na kambi ya wafanyakazi na kanisa. Majina yote mawili ni Kiswahili, na kila moja ni ushahidi wa namna watu walivyoishi.

Neno lenyewe liliendelea kutembea. Nchini Uganda posho ni chakula kile tunachokiita bukari, na Watanzania ugali. Nchini Kenya mashine ya kusaga mahindi huitwa mashine ya posho. Nchini Tanzania posho ni fedha anayolipwa mtu kwa kuhudhuria kikao au kusafiri kikazi, na wabunge wamebishana hadharani kuhusu posho za vikao. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma kwamba "wabunge wanadai posho" asidhani kwamba wanadai unga, wala kwamba wanasubiri samedi.

Tuliweke neno hilo karibu na ndugu zake. Mshahara umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi: ni malipo ya kila mwezi. Salaire ya Kifaransa imetoka katika neno la Kilatini linalohusiana na chumvi. Posho ni chakula. Ukijua maneno hayo matatu pamoja, umejua pia njia tatu za kumlipa mtu kwa kazi yake, na unaelewa vizuri zaidi mgogoro uliotokea mjini kwetu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bei zilipanda, wafanyakazi wa Union Minière wakadai nyongeza ya mshahara, wakagoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari wakawapiga risasi mjini Élisabethville. Watu wengi walikufa. Nani atasoma vizuri habari hiyo kama hajui tofauti kati ya mtu anayelipwa na mtu anayelishwa?

4. Yenga, lomingo na juma la siku nne

Yenga inatufungulia mlango wa magharibi. Kilingala kina eyenga, yaani sikukuu na pia dimanche. Kilingala kina pia lomingo, kutoka Kireno domingo, siku ya Bwana, ambayo kwa asili ya Kilatini ni ndugu wa dimanche. Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482, na maneno yao yakapanda mto. Kireno nacho kinahesabu: lundi ni segunda-feira, ya pili, kwa sababu dimanche inachukuliwa kuwa ya kwanza.

Kifaransa tunachosomea kimejaa miungu ya Roma bila sisi kuiona: mardi ni siku ya Mars, mercredi ya Mercurius, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Venus. Lundi ni ya mwezi. Samedi ni sabato ya Wayahudi, neno lilelile lililo ndani ya as-sabt ya Kiarabu. Anayejua hayo amepata kionjo cha dini na falaki ya watu wa kale, na hatastaajabu akiikuta Jupiter katika shairi la Kifaransa na jeudi katika kalenda.

Tena, juma la siku saba si sheria ya maumbile. Wakongo walikuwa na juma la siku nne lililopangwa na masoko: Nkandu, Konzo, Nkenge na Nsona. Kila soko lilikuwa na siku yake. Msomaji anayekuta "baada ya majuma mawili" katika simulizi la kale la nchi hiyo anapaswa kujiuliza kwanza: ni siku 14 au siku 8?

5. "Msamiati" ulioandikwa kama historia

Njia hii ya kusoma haikuzaliwa chuoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa hapa, historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani, wale walioitwa maboi. Kitabu hicho kidogo kilipigwa chapa kwa mashine ya kudurufu, na mwaka 1990 Johannes Fabian na wenzake wakakichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kichwa chake ni cha Kifaransa, na kinaanza na neno Vocabulaire. Mtu anayetarajia orodha ya maneno anakuta habari za mabwana, kazi, safari, mishahara na vifo.

Mimi nakisoma kichwa hicho kama somo kwa kitivo chetu. Kwa wazee wale, maneno ya mji na mambo ya mji yalikuwa kitu kimoja. Wazee waliopokea posho kambini wanazidi kupungua. Tukiwafundisha wanafunzi kuona haya kwa maneno yao, hawatakuwa na namna ya kuwauliza maswali yanayofaa.

6. Maswali manne ya daftari

Ninawashauri wanafunzi waache safu mbili za Kiswahili na Kifaransa, na badala yake watenge ukurasa mzima kwa kila neno muhimu, wakijibu maswali manne.

Kwanza: nani analitumia neno hili, na wapi? Posho ya Kampala si posho ya Dodoma.

Pili: ndugu zake ni akina nani? Andika ukoo mzima, kama siku saba, malipo, au vyombo vya jikoni, maana pengo katika ukoo ndilo linaloonyesha historia.

Tatu: lilizaliwa au lilibadilika katika kazi gani na wakati gani? Hapa tafuta mwaka mmoja na mahali pamoja unapoweza kuvithibitisha. Mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Matini inayosema "mkoa wa Shaba" inakuambia karibu umri wake.

Nne: lugha jirani zinasemaje? Mwanafunzi wa Kongo ana bahati ya kuwa na lugha nne za taifa na Kifaransa. Azitumie zote.

Maneno kumi kwa mwezi kwa njia hii yanatosha. Ni machache kuliko orodha ya maneno mia, lakini kila moja linabeba mengine kumi.

7. Mazoezi

a) Panga katika jedwali majina ya siku saba kwa Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Katanga, Kifaransa na lugha ya nyumbani kwenu. Onyesha kila lugha inaanza kuhesabu wapi.

b) Tafsiri kwa Kifaransa: "Walifika usiku wa Ijumaa." Toa tafsiri mbili, na ueleze ni habari gani ya matini itakayokusaidia kuchagua.

c) Mwulize mzee mmoja wa familia yenu au wa mtaa wenu siku ya posho ilikuwaje: nani alikwenda kupokea, walipewa nini, kwa kipimo gani. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, bila kuyasahihisha. Kisha piga mstari chini ya kila neno usilolikuta katika kamusi sanifu, na ulijibie maswali manne.

Zoezi la tatu lifanywe mapema, kabla ya mengine.