Kununua gari: Kupatana bei si uchoyo

Katika darsa zetu za fiqhi, mlango wa biashara haupati wasikilizaji wengi kama ule wa ndoa na talaka. Lakini hivi karibuni ndugu mmoja aliuliza swali lililowaamsha wote. Anataka kununua gari, na muuzaji ni Muislamu mwenzake anayeswali naye msikiti mmoja. Je, akiishusha bei sana hatakuwa amemdhulumu? Na akilipa anachotajiwa, je, hatakuwa amewadhulumu wanawe, ambao fedha hiyo ni akiba yao ya miaka minane?

Swali hili si dogo. Kwa wengi wetu mijini, ukiacha kiwanja na nyumba, hatununui kitu cha bei kubwa kama gari. Na kwetu Dar es Salaam "gari jipya" aghalabu ni lile lililotumika Japan likashuka melini juzi; upya wake ni wa namba tu.

Tuanze na hukumu. Kupatana bei ni halali, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe amepatana. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alitaka kumnunua ngamia wa Jabir bin Abdullah (r.a.) wakiwa safarini. Mwanzo Jabir alikataa, kisha wakakubaliana uqiya moja, na Jabir akaweka sharti la kumpanda hadi Madina. Walipofika alilipwa bei yake, kisha akarudishiwa na ngamia. Watu hupenda kuusimulia mwisho ule. Mimi huwaomba wanafunzi wautazame mwanzo: bei ilitajwa, ikajadiliwa, sharti likawekwa wazi.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Kabla hujakanyaga yadi, jua gari hilo lingekugharimu kiasi gani kama ungeliagiza mwenyewe. Chukua bei ya Japan pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam. Ongeza kodi, ambazo kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kitakuonesha, kisha gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Angalia sana mwaka wa kutengenezwa, kwani gari lililozeeka hubeba kodi ya ziada ya uchakavu. Tuseme jumla imetoka milioni 15, na yadi wanataka 18. Hizo milioni tatu ndizo uwanja wa mapatano. Ndani yake mna faida halali ya mtu aliyefunga mtaji wake na kubeba hatari ya safari. Huna haki ya kumtaka auze kwa hasara, lakini pia huna sababu ya kuzitoa zote bila kuuliza.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ghabn, yaani mtu kuuziwa kwa bei iliyochupa mipaka. Kwa Mahanbali, mnunuzi asiyejua bei anaweza kuvunja mauzo, na wapo waliotaja theluthi kuwa ndio mpaka. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, bei kubwa peke yake haivunji mauzo. Mnunuzi ndiye aliyezembea kuuliza. Yaani ukishalipa, umelipa.

Kasoro iliyofichwa ni jambo jingine, hiyo inakupa haki ya kurudisha. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha chini. Kurudisha nyuma kilomita za gari ni unyevu ule ule. Gari lililopita mnadani Japan huwa na karatasi ya mnada yenye kilomita, daraja lake na alama za palipogongwa; idai. Weka pia sharti la khiyari ya siku tatu kwa maandishi, na ulipeleke kwa fundi wako, si fundi wa muuzaji. Kasoro atakayoikuta ni hoja ya bei yenye nguvu kuliko kulialia shida.

Sasa dalali, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Ujira wake ni halali ukijulikana. Ubaya ni "cha juu": mwenye gari anataka 12, wewe unatajiwa 13 na nusu, na huku anakuapia kuwa yuko upande wako. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie mbuzi. Akapata wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Faida ilikwenda kwa aliyemtuma, na Urwa akaombewa baraka. Basi mlipe dalali mlichokubaliana, na udai kuonana uso kwa uso na mwenye gari. Ukisikia "jana kuna mtu kafika 14" na mtu huyo hayupo, huo ni mlango wa najash iliyokatazwa. Nawe mnunuzi usitunge: kusema umeona jingine kama hilo Ilala kwa 11 hali hujaliona ni uongo pia.

Na ile hofu ya kumdhulumu muuzaji? Mwenye yadi anaijua thamani ya mali yake kuliko wewe. Patana naye bila wasiwasi. Mjane anayeuza gari la marehemu mumewe bila kujua bei ni suala jingine. Imesimuliwa kuwa Jarir bin Abdullah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa 300, akaona ana thamani zaidi, akamwongezea muuzaji mwenyewe mpaka 800.

Anayenunua kupitia benki ya Kiislamu kwa murabaha apatane na muuzaji kabla benki haijanunua. Benki huongeza faida juu ya gharama yake, hivyo kila milioni uliyoiacha yadi utailipia na faida yake.

Mkishapatana, hakikisheni kadi ya gari haiko rehani, na andikeni bei ya kweli kwenye mkataba. Wapo wanaoandika nusu ili kupunguza kodi ya kuhamisha umiliki. Siku gari likirudishwa kwa kasoro, karatasi itakuruhusu kudai hiyo nusu tu.