Umeomba Kazi, Kimya: Fuatilia Hivi

Barua umeandika, CV umetuma, nakala za vyeti umeambatanisha. Wiki ya pili inakatika na simu haijaita. Hapo ndipo wengi huharibu. Mmoja anakaa kimya mpaka nafasi inajazwa, mwingine anapiga simu kila kukicha mpaka namba yake inafungiwa.

Ukiwa huku kwetu Chiungutwa, kufuatilia kuna gharama. Kwenda Masasi mjini au Newala ni nauli, na siku ya shamba imeondoka. Kwa hiyo fuatilia kwa mpango. Kanuni ni moja: kila unapomtafuta mwajiri, mrahisishie kukujibu. Mtu mmoja, swali moja, jibu la dakika moja.

Weka daftari la maombi

Daftari la kawaida linatosha. Andika nafasi uliyoomba, ofisi, tarehe uliyotuma, tarehe ya mwisho ya tangazo, kumbukumbu namba ya tangazo, na jina la aliyekupokea. Acha nafasi ya kuandika ulichoambiwa kila unapofuatilia.

Utapigiwa simu ukiwa unaokota korosho, mtu anakuuliza, "Wewe ndiye uliyeomba ukarani?" Ukijibu "Ukarani wa wapi?" umeshajipunguzia maksi.

Hesabu siku kuanzia tangazo lilipofungwa

Usihesabu kuanzia siku uliyotuma. Ofisi nyingi hazianzi kupitia maombi mpaka tarehe ya mwisho ipite. Kuanzia hapo wape wiki mbili, ndipo uulize. Kama tangazo limekataza kupiga simu, tii. Hicho nacho ni kipimo cha kwanza cha kama unafuata maelekezo.

Jua msimu wa mwajiri wako

Kuanzia Oktoba, huku kwetu kila kitu ni korosho. Vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU vinapokea mizigo, maghala yanajaa, minada inaendelea. Meneja wa AMCOS siku ya mnada au ya malipo hana sikio la kukusikiliza. Kama unataka ukarani au kazi ya ghalani, ulizia Agosti na Septemba, kabla msimu haujafunguliwa.

Shule binafsi ni kinyume chake. Mwaka wa masomo huanza Januari, kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kumkumbusha mkuu wa shule kwamba upo.

Chagua na saa pia. Saa nne asubuhi ni nzuri. Jumatatu mapema watu wako vikaoni. Ijumaa kuanzia saa sita wengi wanajiandaa kwa swala.

Simu iwe ya dakika mbili

Usibipu. Mwajiri hampigii mtu anayembipu. Weka salio, simama mahali penye mtandao, mbali na redio na pikipiki, kalamu mkononi. Kisha sema hivi:

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Naitwa fulani, niko Chiungutwa. Niliomba nafasi ya mhasibu msaidizi, tangazo lilifungwa tarehe 15. Naomba kujua kama usaili umeshapangwa."

Halafu nyamaza. Mwache yeye aseme. Usianze kumweleza kwamba wadogo zako wanadaiwa ada au kwamba umekaa nyumbani tangu umalize chuo. Ni kweli na inauma, ila haimsaidii kukujibu.

Akisema "bado", usikate simu mikono mitupu. Uliza: "Naomba niulize tena lini?" Akitaja siku, iandike, mshukuru, na siku hiyo mpigie kweli. Sasa hata ukipiga si msumbufu. Ni yeye aliyekupangia.

Asipopokea, tuma ujumbe mmoja

Simu saba ambazo hazikupokelewa zinatisha. Piga mara moja, kisha tuma SMS inayojitosheleza:

"Habari za kazi. Naitwa (majina mawili). Niliomba nafasi ya muuguzi, maombi yalifungwa 15 Agosti. Nimepiga simu kuulizia hatua iliyofikiwa. Naomba nijibiwe kwa namba hii ukipata nafasi. Asante."

Andika maneno kamili, si vifupisho vya vijiweni. WhatsApp nayo itumie hivyo hivyo. Usitume ujumbe wa sauti, na angalia picha yako na status kabla hujatuma, maana atazifungua.

Kwa barua pepe, jibu juu ya ile ya kwanza uliyotuma. Atakuta maombi yako yote pale chini bila kutafuta. Faili la CV lipe jina lako, lisiitwe "CV mpya ya mwisho 2".

Nywila iwe yako, si ya steshenari

Wengi tunaombea kazi steshenari. Si vibaya. Vibaya ni kijana wa steshenari kukufungulia barua pepe na kubaki na nywila kichwani mwake. Akihama, na wewe umepotea. Andika nywila mwenyewe, ihifadhi, na ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti.

Na laini yako itumie. Laini ikikaa muda mrefu bila matumizi hufungwa, ikapewa mtu mwingine. Kwenye CV weka namba mbili, ya pili iwe ya ndugu ambaye simu yake haizimwi hovyo. Mweleze kwamba anaweza kupigiwa. Wadhamini wako nao wape taarifa kila unapoomba kazi, wasije wakaulizwa habari zako wakashangaa.

Kazi za serikali zina njia yake

Kama umeomba kupitia Ajira Portal, usihangaike kumtafuta mtu wa kumpigia. Sekretarieti ya Ajira hutoa majina ya wanaoitwa kwenye usaili kwa tangazo kwenye tovuti yake, na akaunti yako huonyesha ombi lako limefikia wapi. Jiwekee siku mbili za wiki za kuingia na kuangalia. Bando dogo linatosha.

Jina lisipokuwemo, soma akaunti yako kabla ya kulalamika. Angalia kama cheti cha kuzaliwa kimepandishwa, kama barua ya maombi ina saini, kama majina yanafanana kwenye vyeti vyote. Rekebisha leo, maana tangazo lijalo litatumia akaunti hiyo hiyo.

Jina likiwemo, nakili namba yako ya usaili na kituo ulichopangiwa. Andaa vyeti halisi na kitambulisho. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kutenga fedha siku unayotuma maombi, usingoje siku ya kuitwa.

Kama umepeleka barua ya karatasi halmashauri, rafiki yako ni masijala. Peleka nakala mbili. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ukirudi, usiseme "nilileta barua mwezi uliopita." Toa nakala yenye muhuri, uliza barua imepelekwa kwa afisa yupi. Muhuri huo unamwonyesha karani aanzie wapi kutafuta.

Usiende ofisini bila sababu mbili

Nauli ya kwenda kuuliza "vipi?" ni hasara. Piga kwanza, uhakikishe mhusika yupo. Kisha unganisha shughuli: fuatilia ombi moja, peleka lingine, pitia mbao za matangazo za halmashauri, benki na hospitali.

Vaa kama siku ya usaili. Mara nyingine mtu wa mapokezi husema, "Subiri kidogo, bosi yupo." Beba CV na nakala za vyeti kwenye bahasha safi. Msalimie mlinzi na mtu wa mapokezi kwa heshima ile ile. Hao ndio watakaokumbuka jina lako.

Ukiombwa hela, simama

Maombi ya Ajira Portal ni bure. Mtu akikupigia akisema jina lako limepita, tuma elfu hamsini ya "faili", usitume. Rudi kwenye tangazo, tafuta namba ya ofisi, uulize mwenyewe.

Anayetaka mwili badala ya hela naye anatenda kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono. Hifadhi ujumbe aliokutumia, usiufute. TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, wanapatikana bure kwa simu namba 113.

Jiwekee kikomo

Mara tatu zinatosha: simu ya kwanza, ukumbusho siku uliyopangiwa, na ujumbe wa mwisho wiki mbili baadaye. Huo wa mwisho uwe mwepesi: "Kama nafasi imeshajazwa, nitashukuru kujulishwa. Bado niko tayari kwa nafasi nyingine itakayotokea."

Ukijibiwa kwamba umekosa, shukuru na uliza jambo moja tu: "Niongeze nini ili safari ijayo nifae?" Wengine hawatajibu. Anayejibu amekupa ushauri wa bure. Labda ni kompyuta, labda ni leseni ya taaluma, labda uzoefu wa miezi michache wa kujitolea kwenye zahanati au shule ya jirani.

Usipojibiwa kabisa, piga mstari juu ya ombi hilo. Nauli uliyokuwa umeitenga kwa ajili yake ipeleke kwenye tangazo jipya, wiki hiyo hiyo.