Mbwa Mwenye Mwenyewe: Somo la Kumtunza na Kumfunza Mbwa wa Nyumbani



Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwa yakipokea wageni tangu mwaka 1958. Wanyarwanda walitangulia, baada yao wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na leo wote hao huishi jirani na wenyeji wao wa Ankole. Katika vijiji hivi, kama ilivyo katika mitaa ya jiji la Mbarara, usiku ukiingia wengi wetu humtegemea mbwa. Yeye ndiye mlinzi wa mbuzi, wa baiskeli na wa duka dogo la mbele ya nyumba. Lakini mbwa huyo huyo asipotunzwa huwaletea majirani ugomvi, na pengine msiba. Kwa hiyo somo letu lina neno moja la msingi: mbwa anayelinda mtaa ni yule mwenye mwenyewe, yaani aliye na mtu wa kumlisha, kumchanja, kumfunza na kujibu kwa ajili yake.

Kumtunza

Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Akishafika nyumbani, apewe chakula kwa saa zinazojulikana: posho iliyochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama humtosha, pamoja na maji safi wakati wote. Asipewe vitunguu, maana humdhuru damu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Mbwa mwenye njaa huzurura, na mbwa anayezurura ndiye anayeua kuku wa jirani na kurudi na maradhi.

Apewe dawa ya minyoo, akaguliwe kupe, na kinyesi chake kifukiwe mbali na watoto wanapochezea, kwa sababu baadhi ya minyoo yake humwingia binadamu. Tena asifungwe mnyororo mfupi mchana kutwa. Mbwa wa namna hiyo hageuki kuwa hodari, bali huwa na woga na hasira, akamuuma hata mtoto wa nyumbani. Pasipo na ua, funga waya kati ya miti miwili, kisha pitisha kamba yake iteleze juu ya waya huo. Atatembea bila kutoka kiwanjani.

Zaidi ya yote, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na karatasi nyingine za familia. Siku moja yaweza kuwa karatasi yenye thamani kuliko zote.

Kumfunza

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wiki za mwanzo, hadi mwezi wa tatu na siku chache, ndizo mbwa anapojifunza nani ni rafiki na kipi si cha kuogopwa. Katika siku hizo mwonyeshe, kwa upole, watoto, wazee wenye fimbo, bodaboda, mbuzi na watu wa mavazi mbalimbali.

Jambo la pili ni lugha. Katika nyumba nyingi za Nakivale husemwa lugha mbili au tatu, na mbwa huamrishwa kwa zote, akachanganyikiwa, kisha akaitwa mjinga. Mbwa hajui lugha, anajua sauti. Basi familia ikubaliane neno moja kwa kila amri: njoo, keti, ngoja, acha. Kila mmoja atamke vilevile. Somo liwe la dakika tano au kumi, mara mbili kwa siku, na akitii apewe kipande cha chakula papo hapo. Akikawia kulipwa, hatajua analipwa kwa lipi.

Vivyo hivyo adhabu. Anayempiga mbwa leo kwa kosa la jana hamfundishi kitu ila kumwogopa bwana wake. Wala usimwite ili umpige: siku ya hatari, ukipaza sauti "njoo", atakukimbia. Tena asichokozwe ili awe mkali. Mlinzi mzuri hubweka, na akiambiwa "acha" hunyamaza. Mbwa asiyeweza kunyamazishwa hatofautishi mwizi na mkunga aliyeitwa usiku.

Kumbukeni pia heshima ya ujirani. Kwa wengi wa ndugu zetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo haiswaliwi mpaka itakaswe. Anayemfunga mbwa wake njia ya msikitini ipitapo watu hajavunja ua wa mtu, lakini amevunja ujirani.

Akiuma mtu

Tuchukue mfano. Mtoto ameumwa mguuni akirudi kuteka maji. Mwenye mbwa, kwa hofu ya kulipishwa au kufikishwa polisi, anamuua mbwa usiku na kumzika. Asubuhi anasema hana mbwa. Amefanya kosa gani kubwa? Amemnyima mtoto ushahidi. Mbwa aliyeuma akifungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi, akabaki mzima, daktari hujua kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku ile alipouma. Mbwa aliyezikwa gizani hasemi lolote.

Kwa hiyo shikeni utaratibu huu. Kwanza, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Lisipakwe majani, pilipili wala udongo. Pili, aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, naye asingoje zile siku kumi ziishe. Ikihitajika atapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Chanjo yake ni ya sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa. Asiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Dalili za kichaa zikishamtokea binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Tatu, mwenye mbwa ajitokeze na kadi yake, na mwenyekiti wa kijiji, afisa mifugo na polisi waarifiwe. Swali letu la kwanza ni moja: mbwa yuko wapi? Akiwa amekwisha kufa, asizikwe kabla afisa mifugo hajaarifiwa. Namba ya dharura ya polisi, 999, hupigwa bila malipo.

Mpaka si ukuta

Kisiwani Pemba, chanjo ya mbwa kwa wingi iliyoanza mwaka 2010 iliuondoa ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi kutoka nje ya kisiwa. Mbwa wakachanjwa tena, na mwaka 2018 ukatoweka. Ikiwa bahari haikuuzuia, mto Kagera hautauzuia. Anayemvusha mbwa kati ya Murongo na Kikagati awe na cheti cha chanjo na kibali cha mifugo. Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kiwango hicho hakifikiwi na nyumba moja. Hufikiwa na kijiji kilichokubaliana.

Maswali ya baraza

1. Katika kijiji chetu, ni mbwa wangapi wasio na mtu wa kujibu kwa ajili yao?
2. Kadi ya chanjo ya mbwa wako iko wapi, na tarehe yake ni ipi?
3. Mwenye mbwa akijitokeza baada ya mtoto kuumwa, sisi majirani tutampokea vipi, ili na wa kesho asifiche?

Swali la tatu lijibiwe kwanza. Mtu hujitokeza mahali anapojua atasikilizwa.